Pembe ya Chumba cha Nyanya

Nilikuwa katika mwaka wangu wa sita wa kufundisha hesabu katika shule ya msingi pembezoni mwa Mji wa Kale, na kila mwaka somo la pembe lilinishinda. Watoto walijua kukariri. Ukiwauliza pembe mraba ni ipi, walikuonyesha mchoro ubaoni. Ukiwauliza kama mlango wa darasa una pembe mraba, walitazamana wakanyamaza. Kwao pembe ilikuwa kitu kinachoishi kitabuni, tena kwa Kiingereza.

Mwaka huo niliamua kukifunga kitabu. Baba yangu alikuwa seremala wa reli, na alinionyesha nikiwa mdogo kwamba karatasi yoyote, hata iliyochanika ovyo, ukiikunja mara moja, kisha ukaikunja tena huku ule mkunjo wa kwanza umelaliana vizuri, inakupa kona iliyo sawa kabisa. Huhitaji rula wala kipimapembe. Nikawagawia watoto karatasi kuukuu, tukakunja pamoja, tukapita darasani tukizichomeka kila mahali. Kona ikikaa bila mwanya, hiyo ni pembe mraba. Kona ikikataa kuingia, pembe ni kali. Ikiingia na kubaki nafasi, pembe ni butu. Kwa dakika arobaini darasa zima lilikuwa chini ya madawati, na mwalimu wa chumba cha pili akaja kuchungulia kama kuna nyoka.

"Sasa nendeni mkazitafute nyumbani," nikawaambia. "Kila mtu aniletee tatu."

Waliniletea. Ncha ya sambusa, kali. Mkasi wa fundi cherehani, kali ukifungwa na butu ukipanuliwa. Mgongo wa kiti cha plastiki, butu. Mtoto mmoja aliandika kiwiko cha babu yake akinywa kahawa, akakiweka kwenye pembe kali, nikampa tiki mbili. Pembe mraba ndizo zilizowasumbua, kwa sababu nyumba za mawe za kule hazikujengwa kwa rula. Ukuta unavimba hapa, unabonyea pale, ngazi kila moja ina kimo chake. Nilicheka peke yangu nikisahihisha, nyumbani kwangu Buxton, na kwa mara ya kwanza niliona somo limeingia.

Kulikuwa na msichana aliyekaa dawati la dirishani, wa miaka tisa hivi, mpole, mwenye mwandiko mdogo kama wa mtu anayebania wino. Mamake alikuwa Uarabuni akifanya kazi, naye aliishi na nyanyake katika nyumba ya ghorofa moja kwenye kichochoro kinachotokea Ndia Kuu. Wiki ya kwanza aliandika: *Ukuta na sakafu, chumba cha nyanya: mraba.* Nikampa tiki.

Wiki ya pili nilitoa zoezi lilelile, waongeze vitu vipya. Yeye akarudia kile cha zamani. *Ukuta na sakafu, chumba cha nyanya: butu kidogo.*

Nikampigia kosa kwa wino mwekundu, nikamwita.

"Hii umepima vibaya. Wiki iliyopita uliandika mraba."

"Wiki iliyopita ilikuwa mraba, mwalimu."

"Ukuta ni ukuta. Pembe yake haibadiliki."

"Ndiyo, mwalimu," akasema, akachukua daftari lake akaenda kukaa.

Baada ya hapo hakuandika tena habari za ukuta. Zilipita kama siku kumi. Jumatatu moja kengele ya kwenda nyumbani ilipolia, wenzake wakatoka mbio, yeye akabaki. Alitoa kwenye mkoba karatasi ya khaki, ile ya kufunikia madaftari, ameikunja ikawa kubwa, kila upande urefu wa mkono wake. Akaisimamisha juu ya meza yangu.

"Ile ndogo ilikuwa haionyeshi vizuri," akasema. "Nimetengeneza hii. Naiweka chini, naisukuma mpaka igonge ukuta. Chini yagusa. Juu haigusi."

"Haigusi kwa kiasi gani?"

"Kwanza ilikuwa ukucha. Ijumaa ikapita penseli. Leo imepita kidole." Akaninyooshea kile kidole, cha shahada, kana kwamba nilikuwa sijui kidole ni nini.

"Ukuta upi huo?"

"Wa upande wa jirani. Kule wanakochimba."

"Nyanya umemwambia?"

"Asema niache kuchezea ukuta."

Nilifuatana naye siku ileile. Nilikuwa nimekipita kile kichochoro mara nyingi bila kukitazama. Nyumba za pale zimesimama bega kwa bega, kila moja imeegemea mwenziwe, na sasa palikuwa na pengo. Nyumba ya jirani ilikuwa imebomolewa, mahali pake pamezungushwa mabati, na nyuma ya mabati palisikika sululu. Nilichungulia kwenye tundu. Shimo lilikuwa limeshuka kimo cha watu wawili, wima, likiwa limekata udongo sambamba na ukuta wa nyumba ya nyanya. Wanaume wanne walikuwa chini wakipandisha mchanga kwa ndoo. Nikaona wanachofanya, nikaondoka pale tunduni. Nitalirudia jambo hili.

"Hodi," nikabisha.

"Hodi karibu. Ah, mwalimu! Ndoo ndani, mwalimu, ndoo." Kwa lahaja yao njoo ni ndoo, na njia ni ndia.

Nyanya alikuwa mama wa miaka sabini na kitu, mnene kiasi, leso mbili mwilini, na sauti ya mtu aliyezoea kusikilizwa. Aliniulizia hali, akaniulizia hali ya watoto wangu, akaulizia wazee wangu huko bara kama wazima, na hakukubali nizungumze la ukuta mpaka nimekunywa chai ya iliki na kumaliza hamri la pili. Nilimeza huku nasikia zile sululu.

Nilipomweleza, alitabasamu kwa upole. "Nyumba hii nimezawa ndani yake, mwalimu. Na mamangu kazawa ndani yake. Yapasuka kila kiangazi, twaipaka chokaa, yatulia."

"Naomba nikione tu hicho chumba, mama."

Tulipanda. Mlango wa chumba chake haukuwa ukifungika tena. Alikuwa ameuzuia kwa kitambaa. Kabati kubwa la mbao lilikuwa limesogezwa likaufunika ukuta nusu, na sikujua kama lilisogezwa kuficha au kushikilia. Msichana akapiga magoti pembeni mwa kabati, akaiweka karatasi yake, akaisukuma. Chini iligusa. Juu niliingiza kidole changu mimi, mtu mzima, kikapita bila kukwaruza.

Kisha nikatazama dari. Boriti zilikuwa zimepangwa kwa safu kama zilivyo katika nyumba zote za namna ile, vichwa vyake vimezama ukutani. Hivi vilikuwa vinatoka. Kila boriti ilikuwa na kipande kifupi cha mti mweupe pale mwisho, kipande ambacho hakijapata kuona mwanga tangu nyumba ilipojengwa. Weupe wa boriti ya katikati ulikuwa mrefu kuliko wa boriti za pembeni. Tulipokaa kimya sote watatu, nikasikia kitu kinachururika ndani ya ukuta, chembamba, hakikomi, kama mtu anayechekecha unga katika chumba cha pili.

"Panya," akasema nyanya.

Msichana akanitazama mimi.

Kesho yake nilikwenda kwa msimamizi wa ule ujenzi. Alikuwa kijana nadhifu, kofia ngumu ya manjano, simu mbili. Alinisikiliza mpaka mwisho, na hilo sitamnyima. "Mwalimu," akasema, "nyumba zote za huku zimepinda. Ndiyo watalii wanazipiga picha. Kibali tunacho, michoro tunayo. Mtoto kapima na karatasi?" Hakucheka, lakini wenzake walicheka. Niliandika barua ya malalamiko nikaipeleka panapohusika, wakaipokea vizuri, wakaniambia mkaguzi atakuja wiki inayofuata.

Sikuweza kungoja. Mwalimu mwenzangu wa dini alinijulisha kwa mzee mmoja mwashi, fundi wa nyumba za chokaa, ambaye kazi yake yote ameifanya katika vichochoro vile. Alikuja na mfuko mdogo tu. Alimwamkia nyanya kwa heshima zote, akapanda, akatoa timazi yake, uzi wenye risasi mwishoni, akaufunga kwenye boriti karibu na ukuta. Ile risasi ilizungukazunguka, ikatulia chini ikiwa karibu kuugusa ukuta. Pale juu, kati ya uzi na ukuta, palipita ngumi yake. Akashusha macho polepole ukutani mpaka chini, akaukunja uzi wake, akaurudisha mfukoni.

"Bi mkubwa," akasema, "asilale mtu chumba hiki. Wala cha chini yake. Na mimi ningekuwa wewe, ningetoka."

"Nitoke niende wapi?"

"Popote, Bi mkubwa. Nakuomba."

"Mimi sitolewi nyumbani kwangu na uzi," akasema nyanya. Alisema kwa adabu, lakini mazungumzo yaliishia pale. Lililowezekana ni moja tu: alikubali godoro lake na la mjukuu wake yahamie chini, chumba cha mbele, kile kinachotazama kichochoro. Fundi aliegemeza magogo mawili, akasema wazi kwamba hayo ni ya kuifurahisha roho.

Siku zilizofuata zilikuwa mbaya, na mkaguzi hakutokea. Mvua za vuli zilianza, nyepesi, za asubuhi. Msichana alikuja shuleni macho mekundu, akasinzia hadi kipindi cha tatu. Akiamka, macho yake yaliifuata kona ya darasa, pale ukuta unapokutana na dari, yakabaki hapohapo. Wenzake walikwishaambiana. Nikigeuka kuandika ubaoni, nikirudi nawakuta wawili watatu nao wanatazama juu. Wengine walianza kuja na karatasi kubwa za khaki.

Nilimwita pembeni. "Sasa basi. Kazi ya kupima umeimaliza, na umeifanya vizuri. Nataka uache."

"Nikiacha kupima," akauliza, "itaacha kwenda?"

Nilimwambia arudi acheze, naye akaenda akasimama karibu na wanaocheza. Nilimtazama nikajiambia kwamba mimi ndiye niliyempa ile kona mkononi. Wenzake wa umri wake walilala ndani ya nyumba zilizopinda na hawakujua. Yeye alijua, na hapakuwa na namna ya kumfanya asijue.

Jumanne moja, muda mfupi baada ya gwaride la asubuhi, niliona nyanya akiingia getini. Alikuwa amevaa buibui haraka, kichwani limekaa upande, naye anatembea kwa kishindo huku mjukuu wake amemng'ang'ania mkono wa kushoto kwa mikono yake yote miwili. Nilidhani mtoto ni mgonjwa. Walipofika karibu nikaona kwamba si nyanya aliyemshika mtoto.

"Mwalimu," akasema, na sauti yake ilijaa uwanja, "nakuheshimu, wajua nakuheshimu. Lakini umemtia nini mwanangu kichwani? Alala mlangoni kama paka. Hali chakula. Leo kanishika leso, hataki kuniachia. Nimwambie nenda shule, asema haendi ila na mimi. Nikimbandua, apiga ukelele, watu wote ndiani watutazama. Mimi! Nimekuja nae hapa kama mfungwa!"

"Mama, tuingie ofisini tukae."

"Sikai. Nimeacha mkate wa kumimina jikoni. Nataka umwambie hapa hapa, mbele yangu, kuwa ukuta ni mzima."

Msichana hakumwachia. Alisema polepole, akinielekea mimi, "Leo mkono wote wapita, mwalimu."

"Haya, msikie!" akasema nyanya. "Msikie! Kila siku ni kidole, ni mkono, mpaka lini—"

Haukuwa mshindo. Nilikuwa nimekaa siku nyingi nikiuogopa mshindo, na kilichokuja kilikuwa mngurumo mrefu, kama lori linalomwaga kokoto na kokoto haziishi. Ardhi ya uwanja ilitetema kidogo chini ya viatu. Kisha kimya, kisha kunguru wote wa mji ule wakaruka kwa pamoja. Juu ya mapaa, upande wa Ndia Kuu, vumbi jeupe lilipanda taratibu likafunika mnara wa msikiti.

Nyanya alikuwa amesimama na mdomo wazi, katikati ya neno. Hakugeuka kutazama. Alinitazama mimi, na mkono wake wa kulia ulikuwa bado juu, ule wa kunigombeza.

"Ni kwetu," akasema msichana. Hakulia.

Nilimwacha mtoto na walimu wenzangu nikaenda na nyanya, kwa sababu hakukubali kuzuiwa. Nyumba ilikuwa imegawanyika. Ukuta ulilala wote ndani ya shimo la jirani, ukazivuta boriti, boriti zikaivuta ghorofa, na ghorofa ikakishukia chumba cha mbele. Magodoro mawili yalionekana chini ya mawe, leso ya maua imening'inia. Jikoni, ambako mkate ulikuwa juu ya moto, palikuwa na rundo la chokaa kimo changu. Kabati kubwa lilibaki juu peke yake, kwenye kipande cha sakafu kisichofika popote, mlango wake umefunguka. Nyanya akakaa chini barabarani, buibui na vumbi, akasema, "Innalillahi," akairudia, akairudia.

Kwa dakika chache nilishukuru. Nikisema vingine nitakuwa nadanganya. Nilimshika bega nikajisikia mwepesi, kwa kuwa waliokuwa wakiishi ndani ya nyumba ile walikuwa wawili, na wote wawili nimewaona wazima kwa macho yangu.

Ndipo nikasikia watu wanapiga kelele nyuma ya mabati.

Wale wanaume wanne walikuwa shimoni. Watatu walikuwa upande wa pili, walikuwa wakinywa uji. Wa nne, mtu wa makamo kutoka Kaloleni, mwenye watoto watano, alikuwa chini ya ukuta. Walimchimbua kwa mikono na sepetu mpaka adhuhuri, na yule msimamizi mwenye kofia ya manjano alichimba pamoja nao mpaka kucha zikamtoka damu. Walimtoa hai. Hospitali ilimwokoa roho, lakini mguu ulikatwa chini ya goti.

Nimelifikiria jambo hili kuliko lolote katika kazi yangu. Nilifundisha watoto kwamba pembe butu ni ile iliyofunguka kuzidi mraba. Nilijua ukuta unafunguka. Nilikuwa nimetia kidole changu ndani ya ule mwanya. Na sikupata kujiuliza swali la mtoto wa gredi ya nne: ukuta unaofunguka huku, unamlalia nani kule? Nilizungumza na nyanya, na msimamizi, na fundi, nikaandika barua. Wale wanne niliwaona kupitia tundu la bati siku ya kwanza kabisa, na sikuwaambia kitu.

Msichana alikuwa wa kwanza kuniuliza, siku tatu baadaye, kabla hawajamhamisha shule. "Mwalimu, wale wa shimoni uliwaambia?"

"Hapana," nikamwambia.

Akatikisa kichwa kidogo. "Mimi pia sikuwaambia," akasema. Nilimwambia haikuwa kazi yake. Sidhani kama alikubali.

Walihamia kwa jamaa huko Majengo, ghorofa ya tatu. Nimewatembelea mara mbili. Nyanya hunikaribisha vizuri, chai ileile ya iliki, na huzungumza juu ya kila kitu isipokuwa asubuhi ile. Hajanishukuru wala hajanilaumu. Mjukuu wake amenenepa kidogo, na anasema anapenda zaidi sayansi sasa. Yule baba wa Kaloleni nilikwenda kumwona mara moja, nikamweleza yote, kwamba nilijua. Alinisikiliza akiwa amekaa kitandani, kisha akaniuliza kama nilijua siku ya ukuta kuanguka. Nikasema siku sikujua. "Basi," akasema, akageuza uso. Sijui alimaanisha nini, na sikuthubutu kuuliza.

Shuleni, wazazi walilalamika. Watoto walikuwa wanasogeza vitanda, wanapima kuta, wanawatisha wadogo zao. Mwalimu mkuu aliniomba nirudi kwenye kitabu, nikarudi kwa muhula mzima, nikachora pembe ubaoni kwa chaki, watoto wakanakili. Muhula uliofuata nilianza tena kukunja karatasi. Nilimwambia mwalimu mkuu kabla sijaanza, akasema nifunge mlango tu wakati wa kipindi.

Mwezi uliopita nilipita katika kichochoro kingine, mbele kidogo. Mabati yalikuwa yamezungushwa upya, na nyuma yake palisikika sululu. Upande wa kushoto nyumba ya zamani, upande wa kulia nyumba ya zamani. Niliinua bati moja nikaita, wanaume watano wakatazama juu kutoka chini. Nikawasalimu, nikajitambulisha kuwa ni mwalimu, nikawaeleza kilichotokea kule na kwa nini, nikawaonyesha kwa mkono upande ambao ukuta utakuja ukija.

Walisikiliza bila kunikatiza. Kisha mkubwa wao, mwenye mvi, akafuta jasho akasema, "Ahsante, mwalimu. Tumeelewa. Lakini sisi tukitoka humu leo, kesho asubuhi wataingia wengine."

Akaniuliza kama nina jambo lingine. Nikasema sina. Akatema mate kwenye viganja, akainua sululu yake.